Ganda la risasi chini ya mkorosho: nani alipaswa kuuliza kabla silaha haijauzwa?

Swali: "Mimi ni mkulima wa korosho kando ya mto Ruvuma, upande wa Nanyamba. Oktoba 2020, Kitaya ilipovamiwa, na sisi majirani tulikimbia na watoto mgongoni. Msimu huu mjukuu wangu akiwa kwenye palizi ameokota ganda la risasi chini ya mkorosho. Chini yake lina tarakimu. Jirani yangu aliyesoma anasema nchi zinazotengeneza silaha zina sheria ya kutowauzia watu wanaoua raia. Kama sheria ipo, hili ganda limefikaje shambani kwangu? Na sheria hiyo inatusaidia nini sisi wa mtoni?"

Jibu:

Shikamoo mama. Pole kwa yale mliyoyapitia, na pole kwa kukumbushwa na kitu kidogo kama hicho. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu umeuliza jambo ambalo nimelisoma na kulifanyia kazi miaka mingi nikiwa mwanasheria, na kwa sababu mimi ni mtoto wa Lindi. Habari za Ruvuma sizisomi kama habari za ng'ambo.

Jirani yako amesema kweli, sheria zipo. Marekani wanayo tangu mwaka 1976. Nchi za Umoja wa Ulaya zina msimamo wao wa pamoja wa Desemba 2008, wenye vigezo nane, na kimojawapo ni haki za binadamu katika nchi inayonunua. Afrika Kusini wanayo ya mwaka 2002. Juu ya zote upo Mkataba wa Biashara ya Silaha, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili 2013 kwa kura 154. Nchi tatu ziliukataa, nazo ni Iran, Korea Kaskazini na Syria, na nchi 23 hazikuegemea upande wowote. Ulianza kutumika Desemba 2014.

Kwa hiyo swali lako ni zito zaidi ya alivyolidhania jirani: sheria ipo, na ganda lipo. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Nianze na ganda. Ukilishika na kuligeuza, pale chini ambapo pini ya bunduki hugonga, aghalabu utakuta tarakimu mbili, moja juu na nyingine chini, kama saa inayoonyesha kumi na mbili na sita. Kwa risasi za bunduki za jamii ya AK, ambazo ndizo zimezagaa ukanda wetu, tarakimu moja mara nyingi huwa namba ya kiwanda na nyingine huwa mwaka wa kutengenezwa. Anayezijua namba hizo anaweza kukuambia nchi. Lakini hapo ndipo wengi hukosea. Ganda linataja aliyeitengeneza risasi. Halimtaji aliyeiuza mara ya mwisho, wala aliyeiiba, wala aliyeifyatua. Risasi iliyotunzwa vizuri hudumu miongo. Inaweza kuuzwa kihalali kwa jeshi la nchi moja, ikalala ghalani miaka 20, kisha ikaonekana mikononi mwa kijana wa msituni ambaye hakuwa amezaliwa siku ilipotoka kiwandani.

Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya silaha za Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya Ruvuma. Vita ya kule ilipoanza Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, washambuliaji wengi walikuwa na mapanga na bunduki chache. Kadiri miaka ilivyokwenda silaha zao ziliongezeka, na sehemu kubwa waliipata kwa kuvamia vituo vya polisi na kambi za jeshi la Msumbiji na kubeba walichokikuta. Waliteka bandari ya Mocímboa Agosti 2020, miezi miwili kabla hawajavuka mto kuja Kitaya. Kwa hiyo, mama, si lazima atafutwe mfanyabiashara mwovu aliyewauzia. Inawezekana kabisa kila karatasi ilikuwa halali, mihuri imekamilika, mnunuzi ni serikali inayotambulika, na bado risasi ikafika kwako.

Sasa nieleze karatasi zenyewe, kwa mfano unaoujua kunizidi.

Ukipeleka gunia la korosho chama cha msingi, linapimwa, linapangwa daraja, linaandikwa, linakwenda ghala kuu, mnada unatangazwa, mnunuzi anajulikana kwa jina. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, na Mtwara ndiyo tuliouanza mwaka 2007. Anayepita uchochoroni usiku na kununua kwa kipimo chake mwenyewe tunamwita kangomba. Biashara halali ya silaha inafanana na mnada wako. Kiwanda hakiruhusiwi kupeleka mzigo nje mpaka serikali yake itoe leseni. Serikali kabla ya kutoa leseni hudai cheti cha mtumiaji wa mwisho, yaani karatasi ambayo mnunuzi anasaini kwamba mzigo ni wake na hataupeleka kwingine. Nimeishika karatasi ya namna hiyo. Ni ukurasa mmoja. Juu pana nembo ya taifa, katikati aina na idadi ya silaha, chini sahihi ya ofisa na muhuri wa duara, na juu ya sahihi sentensi moja tu ya ahadi. Nilipoishika mara ya kwanza nilishangaa wepesi wake, kwa sababu nilikuwa nimesoma kurasa mamia juu ya umuhimu wa cheti hicho.

Waswahili husema ahadi ni deni. Lakini deni lina mdai. Hili la kwenye cheti mara nyingi halina anayekuja kulidai. Gunia lako lina ghala linalokaguliwa na mnunuzi anayelipia ndipo achukue. Silaha ikishashushwa bandarini kwa mnunuzi, nchi iliyouza kwa kawaida hairudi kuhesabu. Na kama yupo kangomba wa korosho, yupo na wa silaha: dalali anayekaa nchi moja, mzigo ukitoka nchi ya pili, ndege ikiandikishwa nchi ya tatu, ili pasiwe na serikali hata moja inayomwona mzima mzima.

Kwa maoni yangu ugonjwa wa sheria hizi uko hapa: zinasikiliza ahadi ya mnunuzi kuliko zinavyotazama mwenendo wake. Nikupe kisa ambacho wazee wa Newala na Tandahimba wanaweza kukusimulia kwa upande wao, ingawa upande wa karatasi hawakuujua.

Mwaka 1965 na 1966 Ujerumani Magharibi iliipatia Ureno ndege 40 za kivita aina ya Fiat G.91. Wakati ule Ureno ilikuwa vitani na wapigania uhuru Angola, Guinea-Bissau na hapo ng'ambo ya mto wenu. Wajerumani hawakutaka kuonekana wanaisaidia vita hiyo, kwa hiyo waliweka sharti: ndege zitumike kwa ulinzi wa ardhi ya Ureno tu. Ureno ikakubali, ikasaini. Kisha ndege zikapelekwa Afrika, nyingine zikawa zinaruka kutoka Nacala kwenda kupiga maeneo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Wareno walipoulizwa walikuwa na jibu tayari. Tangu mwaka 1951 walikuwa wamebadilisha katiba yao na kuacha kuyaita makoloni makoloni. Waliyaita mikoa ya ng'ambo. Msumbiji kwao ilikuwa Ureno. Basi sharti halikuvunjwa.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na bado kinaniuma. Hapakuwa na siri. Novemba 1965 hiyo hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limezitaka nchi zote ziache kuipa Ureno silaha za kuwakandamiza watu wa makoloni. Kila aliyesoma gazeti alijua Ureno inazitumia wapi ndege zake. Lakini muuzaji alikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na sentensi nzuri.

Hoja hiyo haijafa, hubadilisha nguo tu. Januari 1971, viongozi wa Jumuiya ya Madola walipokutana Singapore, Waziri Mkuu wa Uingereza Edward Heath alitaka kuendelea kuiuzia Afrika Kusini ya makaburu silaha za kulinda bahari. Alisema ni za majini, haziwezi kutumika dhidi ya Waafrika mitaani. Mwalimu Nyerere na Kaunda wa Zambia walimpinga kwa nguvu zote. Msimamo wa Mwalimu ulikuwa kwamba silaha haigawanyiki hivyo. Ukimpa mkandamizaji chochote umempa nguvu na heshima. Mwishowe Uingereza iliuza helikopta chache tu za kwenye manowari, na Novemba 1977 Baraza la Usalama likapiga marufuku kwa nchi zote kuiuzia silaha Afrika Kusini. Nalitaja hili ili ujue kwamba swali lako si geni hapa kwetu. Tanzania ilikuwa inaliuliza kabla hata mkataba haujaota.

Na haki inanitaka niseme upande wa pili. Wakati Mwalimu akipinga silaha za Uingereza, Nachingwea, mkoani kwetu Lindi, palikuwa na kambi ya FRELIMO aliyoisimamia Samora Machel, na bunduki zake zilitoka China na Urusi ya Kisovieti. Je, sheria ya leo ingeziruhusu? Wapo wanaouliza hivyo kwa nia ya kutufunga mdomo. Mimi nasema swali la leo ni zuri kuliko la wakati ule, kwa sababu halimuulizi mtu wewe ni wa kambi gani. Linauliza: hawa unaowapa wamewatendea nini raia, na wanaelekea kuwatendea nini? FRELIMO ingepimwa kwa swali hilo, na Ureno pia ingepimwa kwa hilo hilo.

Mkataba wa 2013 unaliuliza kwa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni katazo: nchi ikijua, wakati wa kutoa ruhusa, kwamba silaha zitatumika kwa mauaji ya kimbari, kwa uhalifu dhidi ya binadamu au kuwashambulia raia, hairuhusiwi kuuza, hata mnunuzi awe ndugu. Ngazi ya pili ni kupima hatari. Nchi inatakiwa itazame uwezekano wa silaha kutumika kuvunja haki za binadamu, kusaidia ugaidi, au kuwadhuru wanawake na watoto kwa ukatili wa kijinsia. Hilo la ukatili wa kijinsia halikuwahi kuwekwa kwenye mkataba wowote wa silaha kabla yake. Ukikumbuka wanawake na wasichana waliotekwa Cabo Delgado, utaona kwa nini lilipiganiwa.

Tatizo la ngazi ya pili liko kwenye neno moja. Mkataba unasema nchi ikatae kuuza pale hatari "inapozidi". Inazidi nini? Mkataba huo huo unaiambia serikali ipime pia kama silaha zitachangia amani na usalama. Basi kila serikali inakuja na mizani yake, upande mmoja inaweka hatari kwa raia, upande wa pili inaweka urafiki, ajira za kiwandani na vita dhidi ya magaidi. Wazungu wa Umoja wa Ulaya wana kipimo kikali kidogo, wao wanasema nchi ikatae pale hatari "iliyo wazi" inapoonekana. Lakini na wao hugombana juu ya nini kilicho wazi.

Mfano mzuri ni kesi ya Uingereza na Saudi Arabia. Ndege za Saudia zilikuwa zinapiga mabomu Yemen tangu Machi 2015, na masoko, hospitali na misiba ilipigwa. Uingereza ikaendelea kutoa leseni. Shirika moja la wanaopinga biashara ya silaha likaenda mahakamani, na Juni 2019 Mahakama ya Rufaa ikasema serikali imevunja sheria. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inapima hatari ya kesho bila kuamua kama mashambulizi ya jana yalivunja sheria za vita. Nasisitiza hapo, mama. Mahakama haikusema usiuze. Ilisema huwezi kukisia atakachofanya mtu kesho kama unakataa kuangalia alichofanya jana. Hata kijijini, anayekuja kuazima panga hupewa au hunyimwa kwa jinsi alivyolirudisha la mwaka jana.

Serikali ikaenda ikapitia matukio, na Julai 2020 ikarudi na jibu: yapo yanayoweza kuwa makosa, lakini kila moja ni tukio la pekee, hayafanyi mwenendo. Leseni zikaendelea, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ikakataa shauri la pili. Mimi naona hiyo ni njia ya kuhesabu miti mmoja mmoja ili usiuone msitu. Ila hata hivyo sisemi kesi ile ilikuwa bure. Kwa mwaka mzima serikali ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za silaha ambazo zingeweza kutumika Yemen, na tangu hapo ofisa anayesaini leseni London anajua mafaili yake yanaweza kufunguliwa mbele ya jaji. Uholanzi nako, Februari 2024, mahakama ya rufaa ya The Hague iliamuru vipuri vya ndege za kivita za F-35 visipelekwe Israeli, na shauri hilo likapanda hadi Mahakama ya Juu.

Zipo pia nchi zilizoamua kwenda kudai lile deni la karatasi. Uswisi iliuzia Falme za Kiarabu mabomu ya mkono zaidi ya 200,000 mwaka 2003 na 2004. Sehemu yake ikapewa Jordan kama zawadi, na mwaka 2012 bomu la aina hiyo likaonekana kwenye picha kutoka vita vya Syria. Aibu ile iliwafanya Waswisi waanze kutuma wakaguzi kwa wanunuzi, kuhesabu bunduki na kulinganisha namba. Wajerumani nao wakaanza ukaguzi wa namna hiyo. Ni kazi ya kawaida kabisa, kama ya mkaguzi wa ghala la korosho, na ndiyo hatua moja ambayo ningependa kila nchi inayouza iige kesho asubuhi.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu umeuliza inatusaidia nini sisi wa mtoni.

Kwenye biashara hii Tanzania ina sura tatu: inanunua, inapitisha, na ni jirani. Kama mnunuzi, tuna kumbukumbu ya rada. Mwaka 2001 Uingereza iliruhusu kampuni ya BAE ituuzie rada ya pauni milioni 28. Kigezo kilichobishaniwa wakati ule kilikuwa cha maendeleo: je, ununuzi huu unaumiza nchi maskini? Waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga ndani ya baraza la mawaziri. Akashindwa. Miaka ikapita, uchunguzi ukafanyika, Desemba 2010 kampuni ikakiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri hesabu za malipo, ikatozwa faini ya pauni laki tano na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Ndiyo ile tuliyoiita chenji ya rada, iliyonunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Kama wajukuu wako walisoma miaka ile, huenda mmoja alikalia dawati lililotokana na leseni ambayo haikupaswa kutolewa.

Kama njia ya kupitisha, sikiliza habari ya meli ya An Yue Jiang, kwa sababu ndiyo inayonipa moyo kuliko zote.

Machi 29, 2008 Zimbabwe ilipiga kura, na matokeo ya urais yakafichwa kwa wiki kadhaa huku wapinzani wakipigwa. Katikati ya Aprili meli hiyo ya Kichina ikatia nanga nje ya Durban. Ndani yake mlikuwa na risasi za AK karibu milioni tatu, roketi za kurushwa begani 1,500 na makombora ya mizinga midogo zaidi ya 3,000, mzigo wa jeshi la Zimbabwe. Kamati ya serikali ya Afrika Kusini inayosimamia silaha ilikwishatoa kibali upite nchi kavu. Sheria yao ya 2002 inaitaka kamati hiyo iepuke kupeleka silaha kwa serikali zinazovunja haki za watu wake, lakini kibali kilitoka.

Waliosimama ni wapakuzi wa bandarini. Chama chao cha wafanyakazi wa usafirishaji kikasema wanachama wake hawatashusha kontena hizo, wala madereva wao hawatazivuta barabarani. Askofu wa Kianglikana Rubin Phillip na wenzake wakakimbilia Mahakama Kuu ya Durban, na tarehe 18 Aprili jaji akazuia mzigo usipite. Meli ikang'oa nanga kabla amri haijaifikia. Ikaambiwa haitapokelewa Msumbiji. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia, aliyekuwa mwenyekiti wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, akaziomba nchi za ukanda ziikatalie. Angola ikairuhusu ishushe saruji na vifaa vingine visivyo vya kijeshi tu. Hakuna aliyefyatua risasi. Watu wenye mikono ya kazi walisema hapana, na sheria ikawa na kitu cha kuegemea.

Mtwara tunayo bandari yenye kina kizuri, gati jipya na meli za korosho na makaa ya mawe zinazoongezeka. Kwa hiyo habari ya Durban inatuhusu. Mkataba wa 2013 unazitaka nchi zisimamie hata silaha zinazopita tu. Tanzania iliusaini mwaka 2013, haijauridhia. Kusaini ni kupeleka posa, kuridhia ni kufunga ndoa, na posa yetu imekaa sana. Jirani yetu Msumbiji ameshafunga. Ningekuwa na nafasi ya kusema na mbunge wako jambo moja, ningemwomba aulize bungeni ndoa ni lini.

Hatuko uchi, lakini. Tunafungwa na itifaki ya SADC ya mwaka 2001 na ile ya Nairobi ya 2004, inayozitaka nchi zigonge alama kwenye kila bunduki inapotengenezwa na inapoingia nchini, ili ikipotea ijulikane ilipotea kwa nani. Tuna pia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Risasi, bahati mbaya, zimeachwa nyuma kila mahali. Hata mkataba mkubwa unapozitaja, hauilazimishi nchi kuziwekea kumbukumbu kama bunduki. Ndiyo maana ganda lako linasema kiwanda na mwaka, kisha linanyamaza.

Na sura ya tatu, ya jirani. Hapa mimi huweka mkazo kuliko wenzangu wengi. Baada ya mji wa Palma, huko Cabo Delgado, kushambuliwa Machi 2021, misaada ya kijeshi ilimiminika Msumbiji: Rwanda, SADC pamoja na wanajeshi wetu, na Umoja wa Ulaya wenye vifaa na mafunzo. Watu wa Cabo Delgado walistahili kulindwa, na sina kinyongo na hilo. Lakini Machi hiyo hiyo shirika la haki za binadamu la Amnesty International lilikuwa limetoa taarifa likiwatuhumu wote watatu, yaani waasi, majeshi ya serikali na kampuni ya kukodiwa ya Dyck Advisory Group, kwamba waliua raia. Anayepeleka silaha huko ana maswali mawili, na yote ni ya haki za binadamu. La kwanza, hawa askari wataitumiaje? La pili, ghala lao lina kufuli? Silaha inayoporwa kambini usiku inageuka ya muasi asubuhi, na muasi huyo mto haumzuii. Ofisa wa leseni aliyeko Ulaya au Asia akilisahau hilo swali la kufuli, anayelipa ni wewe.

Sasa kuhusu ganda lenyewe. Msiliweke ndani kama ukumbusho, na watoto wasilichezee. Ganda tupu lina mdomo wazi. Likiwa bado na ncha ya risasi mbele, hilo halijafyatuliwa, msiliguse kabisa. Vivyo hivyo kitu chochote cha chuma cha duara au chenye mapezi mtakachokikuta shambani: wekeni tawi la mkorosho mbali kidogo kama alama na mwiteni mwenyekiti wa kijiji. Kukaa na risasi bila leseni ni kosa kisheria, hata kama umeiokota tu, kwa hiyo hili ganda nalo lipelekeni kituoni mapema, mkifuatana na mwenyekiti, mkaandikishe.

Kabla ya kulipeleka, mjukuu wako achukue daftari aandike tarakimu zote mbili, tarehe aliyoliokota, na mahali penyewe: shamba gani, mkorosho wa ngapi kutoka njia, lilikuwa juu ya udongo au lilifukuliwa na jembe. Ombeni polisi waandike hivyo hivyo kwenye kitabu chao, kwa sababu tarakimu zisizo na mahali hazimsaidii mchunguzi. Nakala ya daftari ibaki kwako.